Maksai wa Malimi

Mayunga, yule jirani yangu Malimi hakuwa na leseni, hakuwa na simu ya WhatsApp, hakuwa na mtu wa kumkataza. Alikuwa na mkokoteni na maksai wawili, basi.

Shemeji yake Shukrani alitoka Binza akaja hapa Nkoma kumsomea ule ujumbe tuliotumiwa sote: kuanzia Jumatatu trafiki wanakamata kila mkokoteni usio na namba, na ng'ombe wanapigwa mnada. "Niuzie mimi, shemeji, kabla hawajachukuliwa bure." Akamuuzia kwa bei ya mbuzi. Ya mbuzi, Mayunga.

Leo Malimi kaenda Bariadi kumwambia trafiki kwamba ametii. Trafiki kacheka mpaka kaegemea pikipiki. "Mzee, huo ni uzushi."

Amerudi, akampigia Shukrani mbele yangu.

"Shemeji, nirudishie ng'ombe."

"Wanabeba pamba huku, trafiki ananipungia mkono. Ukitaka kuwaswaga, andika barua ya kuomba kazi kama watu wengine."

Kama watu wengine. Ndivyo alivyosema, akakata.

Malimi akaniomba karatasi. Nimemwandikia, kwa Kiswahili safi, anaomba kazi ya kuwaswaga ng'ombe wake mwenyewe. Ameilamba bahasha, akaifunga, na kondakta wa basi la Maswa ameondoka nayo.