Pampu ya Joto na Maziwa ya Jioni

Noonkopir, Kitengela
3 Juni 2024

Ndugu yangu Parsaoti,

Supa? Natumaini wewe, Dinah na watoto mko salama na ng'ombe wanapata nyasi. Sisi huku wazima. Naandika kwa sababu simu zangu hushiki, na Isaac wa pickup amekubali kukuletea barua mkononi.

Yeyo, mama yetu, anaendeleaje na magoti? Daktari alisema aoge maji moto asubuhi na jioni, la sivyo baridi ya Julai itamlaza. Ndiyo maana nilileta hiyo pampu ya joto. Najua umenuna kwa sababu fundi aling'oa boila ya kuni ya baba. Nuna tu. Boila ilitaka Dinah abebe kuni mgongoni, halafu moshi wote unaingia kwa chumba cha mama. Shawa ya umeme nayo ingekula tokeni kama nzige. Hii inavuta joto la hewa ya nje na kulisukuma kwenye tangi, na stima yake ni kidogo, kama theluthi ya ile ya shawa. Ni ya polepole, lakini maji yakishapata moto yanakaa. Kazi yako ni moja: usiiguse.

Dada yako mkubwa,
Caroline

Kajiado
20 Juni 2024

Dada Caroline,

Takwenya. Sisi wazima, mama mzima, magoti ni yale yale.

Mashine yako ni bure kabisa. Inanguruma mchana kutwa na maji ni vuguvugu, huwezi hata kunyolea ndevu. Boila ya baba ulikuwa unaweka kuni, unakunywa chai, unapata maji ya kunyonyolea kuku. Haikuwa na feni, haikuwa na tokeni. Lakini wewe tangu uolewe Kitengela unaona kila kitu ya baba ni takataka.

Na usiseme sikuitunza. Huko nje wezi wangeibeba; kwa jirani waliondoka na nyaya zote. Niliita fundi wa hapa akaihamisha ndani ya stoo, nikapiga kufuli. Badala ya kunigombeza ungesema asante.

Ndugu yako,
Parsaoti

Noonkopir
24 Juni 2024

Parsaoti,

Salamu ziko kwa barua ya kwanza, leo sina zingine.

Umeifungia stoo? Nilikuambia inavuta joto la hewa! Hiyo stoo haina dirisha. Mashine imeshamaliza joto la humo, sasa inajipulizia baridi yake yenyewe. Umefunga ng'ombe mahali hakuna nyasi halafu unamlaumu kwa kukosa maziwa. Itoe nje, uichomelee kizimba cha vyuma. Nikisikia Julai imeisha na mama bado anaoga maji baridi, nakuja kumchukua.

Dada yako,
Caroline

Kajiado
22 Julai 2024

Dada,

Takwenya. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu.

Mashine haitoki. Stoo imekuwa baridi vizuri, na Dinah anaweka maziwa ya jioni humo. Zamani ilikuwa inachacha kabla ya asubuhi, mtu wa pikipiki anayenunua anaikataa, Dinah anamwagia mbwa. Sasa inachukuliwa yote. Unajua maziwa ni ya wanawake, mimi siingilii. Mama anapashiwa maji kwa jiko kuni zikipatikana, na hajalalamika.

Na ukimchukua utampeleka wapi? Kwa nyumba ya Ndung'u? Tangu lini mama akalala kwa mkwe wake? Utakuwa umemvua nguo mbele ya watu. Jaribu tu, uone kama utakanyaga hapa tena.

Ndugu yako,
Parsaoti

Noonkopir
5 Agosti 2024

Parsaoti,

Hatujambo. Mama yuko kwangu, na hilo unalijua, maana uliporudi kutoka soko la mifugo ulikuta kitanda kitupu.

Nilimkuta amejifunika shuka juu ya shuka. Nikamuuliza ameoga lini, akaniambia yeye si mchafu. Magoti yamevimba, kusimama hawezi. Nilimbeba mgongoni mpaka kwa gari. Jana nilimkalisha kwa beseni ya maji moto akalia, nikalia na mimi, na nikakulaani.

Ndung'u amehamia kwa ndugu yake huko Nkoroi ili asikutane na mama mkwe mlangoni. Mkikuyu ameheshimu mila yetu kuliko wewe. Usije.

Caroline

Kajiado
9 Agosti 2024

Dada yangu,

Takwenya. Mashine iko nje, ndani ya kizimba. Maji inachoma.

Umenitukana nikanyamaza, lakini hii nitasema. Siku barua yako ya pili ilifika nilichukua spana niitoe. Ni mama alinizuia. Alisema maziwa ya Dinah haiwezi kumwagwa tena kwa sababu ya magoti ya mwanamke mzee, na nisikuambie. Nilikubali. Nilikubali haraka, dada, kwa sababu nilitaka hiyo mashine yako ishindwe.

Nyumba iko kimya sana. Mrudishe.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Parsaoti

Noonkopir
13 Agosti 2024

Parsaoti,

Nimepata barua. Mama anakusalimu, mimi bado.

Nimemuuliza kama ni kweli. Yeye akaniuliza kama maziwa ya jana jioni yalichukuliwa.

Sijakusamehe. Mama ukimwomba ngozi yake ya mwili atakuvulia. Kazi ya mtoto ni kukataa. Wewe ulipokea.

Lakini kukaa hapa hataki. Kila asubuhi anauliza Ndung'u amelala wapi, halafu anaona haya hata kula. Kwa hivyo Jumamosi namleta. Habari ya maziwa tutaongea mimi na Dinah, wewe ukiwa mbali. Nikifika, mama atabaki ndani ya gari. Nitaingia bafuni peke yangu nifungue mfereji. Maji yakiwa vuguvugu, nageuza gari na ninarudi naye.

Dada yako,
Caroline