Sahani ya Mama Shemdoe

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Huku Kwai baridi ni kali, lakini nina furaha. Jana Mama Shemdoe, mwenyeji wangu, aliniandalia kuku wa kukaanga. Nikamweleza kwa aibu kwamba kongosho langu halitaki mafuta. Akacheka: "Mgeni hauawi kwa heshima, mwanangu!" Akarudi na viazi vya kuchemsha na maharage. Nilikula nikashiba, na tumbo halikuuma.

Leo daktari kapiga simu. Vimeng'enya vya ini vimeshuka kwenye damu. Vilipanda kwa sababu kijiwe cha nyongo kiliziba njia. Ini lenyewe ni zima. Nimelia barabarani kwa furaha, dada. Umenikeshea sana wodini. Sasa lala usingizi mzuri.

Mdogo wako,
Zuberi