Tundu Nililoziba kwa Puti

Mwalimu Zuhura, dada yangu,

Nimekukosea, na kosa lenyewe nalisema sasa hivi kabla sijaanza kuzunguka. Pampu yako ya kunyonya hewa haikuwa mbovu. Lile pipa la chuma nililokuchomelea ndilo lilikuwa linavuja, na mimi nilijua. Niliziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijivu, nikakukabidhi. Wewe ukaniambia asante, fundi.

Simu nimekupigia mara nyingi. Kila ukipokea najikuta naulizia mvua za huko Tabora. Ndiyo maana naandika, tena barua ya wazi, ili na mafundi wenzangu wa hapa Rusimbi waisome, nisipate pa kurudi nyuma.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimetoka kambini na kibali cha wiki chache, mkimbizi Mrundi mwenye mashine ya kuchomelea ya kuazima, natengeneza mageti. Ukaja na mchoro. Ukasema serikali imekupa fedha za utafiti, unataka chombo ambacho hewa ikishanyonywa hairudi ndani hata chembe. Nikakuuliza ni cha kuhifadhia nini. Ukacheka.

"Hakihifadhi kitu. Ile hewa kidogo itakayobaki nataka niipige umeme mpaka iwake."

Ukaniambia hewa ikiwaka hivyo inaitwa plazma. Halafu ukanionyesha mashine yangu. "Wewe unaitengeneza kila siku. Ule mwanga unaokuumiza macho, ndiyo hiyo hiyo." Siku ile nilirudi kwenye geti la watu najiona mtu mwingine kabisa.

Mama yako naye hakuelewa zaidi yangu. Tulikuwa kwenu Ujiji tunakula migebuka na ugali wa muhogo, akaanza kukutania.

"Serikali nzima imekosa kazi, inakupa hela uwashe hewa. Itavua dagaa hiyo?"

"Haitavua, mama."

"Itapika?"

"Haipiki."

"Sasa?"

"Kwanza tujue inavyokwenda. Ya kuitumia watayatafuta wengine."

Mama akanigeukia. "Damiani mwanangu, kula. Ukimsubiri huyu amalize maneno, samaki wataisha." Mimi Mkristo wa kambini, nimekaa nanyi mkeka mmoja, naitwa mwanangu. Watu wengine wa mjini walikuwa wakisikia lafudhi yangu wanafunga mlango. Nyinyi mlinisogezea sahani.

Ndiyo maana hili linaniuma. Sisi mafundi wa mageti tuna mazoea yetu. Kiungo kikibaki na vitundu unaziba kwa puti, rangi juu, mwenye nyumba anafurahi. Geti halinyonywi hewa. Wewe ulinieleza vizuri, na mimi nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo. Siku ya mwisho umeme ulikuwa unapanda na kushuka, kiungo cha chini kikatoka na vitundu kama mkate, na kibali changu kilikuwa kinaisha kesho yake. Mkono ukafanya ulichozoea. Nikajiambia puti ikikauka ni jiwe.

Baadaye niliporudi na kibali kingine nikakukuta umekaa karibu na pampu, unaisikiliza kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto. Kipimo cha hewa iliyobaki ndani kilikuwa hakishuki. Wakaja wale wakubwa wanaosimamia fedha za utafiti. Ukawasha. Kwenye kidirisha cha kioo cha pipa kikapita kimwanga cha zambarau, kikafa.

"Tulitegemea kuona kitu, mwalimu," mmoja akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Niliogopa wakijua nitarudishwa kambini na sitatoka tena. Ukajibu wewe. "Pampu niliichagua mimi, ni ndogo. Fundi wangu hana tatizo."

Fedha zilizobaki hazikuja. Ukahamia Tabora kufundisha watoto wa sekondari.

Mwalimu, lile neno lako, kwamba fundi wako hana tatizo, limenilisha mpaka leo. Ulilirudia hata kwenye ofisi ya vibali, na kila nilipoomba kutoka kufanya kazi waliniuliza, wewe si ndiye yule fundi wa Zuhura? Wakanipa. Watoto wangu wamevaa viatu na kwenda shule kwa sababu ulinisifia. Nakushukuru, na shukrani yangu ina aibu ndani yake.

Wiki iliyopita mama yako kaniambia umeitwa tena na wale wakubwa, hapo hapo Tabora, Alhamisi ijayo, ukaeleze kwa nini mara ya kwanza ilishindikana. Kasema unataka kuwaomba pampu kubwa, na bei yake unaiogopa hata wewe mwenyewe. Usiombe, dada. Watakukatalia bure. Hesabu zako zilikuwa sawa tangu mwanzo, na pampu ile ile inatosha.

Nimetengeneza pipa jipya, la chuma kisichoshika kutu. Nimelijaza upepo nikaenda kulizamisha ziwani pale Katonga, nikalikandamiza kwa mawe. Wauza samaki wakanizunguka.

"Damiani, unaliosha au unalibatiza?"

"Natafuta mapovu."

"Ukiyaona?"

"Nakata, naanza upya."

Na kweli niliyaona, nikakata, nikaanza upya. Jana nilikaa kwenye maji mpaka miguu ikafa ganzi, halikutoa hata povu moja.

Kibali cha kusafiri nimeshapata. Afisa aliniuliza sababu ya safari, nikamwambia naenda kusema ukweli. Akaniangalia. "Hiyo sina pa kuiandika, mzee." Akaandika kazi.

Urakoze cane, Mwalimu. Kwa Kirundi chetu ndiyo asante kubwa, na hapo sina kubwa zaidi.

Jumanne napanda treni na pipa. Alhamisi asubuhi, kabla hujaulizwa swali la kwanza, nitaingia na wewe kwenye kile kikao, na mbele ya wale wale nitasema kwa mdomo wangu kwamba aliyeshindwa alikuwa fundi.

Ni mimi ndugu yako,
Damiani, fundi wako