Magunzi Yaliyopandisha Lori

Kamwene, Mama Tumaini,

Nimefika Njombe salama, nimeloa ukungu, na nakuomba radhi kwa yale magunzi ya mahindi uliyojaza darini nikayaita takataka. Tangu vita vilete uhaba wa petroli, lori letu la Makambako linakwenda kwa gesi ya magunzi yanayochomwa kwenye pipa lililofungwa nyuma yake. Leo yakaisha katikati ya mlima. Tumekaa barabarani tunatetemeka, bibi mmoja akafunua tenga lake. Lilijaa magunzi makavu, anampelekea bintiye aliyejifungua juzi, apate kuota moto.

"Chukua, mwanangu," akamwambia dereva. "Nisipofika, yatamwotesha nani?"

Lori likakohoa, likapanda! Tulishangilia kama watoto. Ila bibi aliposhuka Njombe na tenga tupu, roho iliniuma. Dereva akafungua pipa, akachota makaa mekundu, akayatia kwenye debe, akampa kwa mikono miwili.

"Moto wako huu, bibi. Umekuja umeshawashwa."

Alikwenda nao akicheka.

Wasalimie watoto. Wewe endelea kujaza dari, mke wangu. Nikirudi, ngazi nitakushikia mimi.

Baba Tumaini