Msichana Aliyesahauliwa Katika Kitabu cha Tano

Dada yangu Mwanahawa,

Nimevipata vile vitabu vya Hamadi wa Mawinguni, vyote vitano. Vilikuwa katika kabati la shule hapa Kisarawe, shule ileile niliyosomea na ambako sasa nafundisha. Mchwa wamekula majalada, ndani vimesalimika. Nilikaa chini palepale nikasoma kama mtoto. Nikatamani kukuita, na wa kuitwa hayupo.

Unakumbuka? Wewe ulikuwa mwali, umewekwa ndani katika chumba cha nyuma cha mama, hutakiwi kuona jua wala kuonwa na watu. Mimi nilikuwa mdogo, sikuhesabiwa kuwa mwanamume, basi hakuna aliyenifukuza nikikaa nyuma ya ukuta. Ulitoboa udongo kwa mpini wa mwiko, tundu la ukubwa wa yai. Mimi nasoma huku nje, wewe unasuka ukili huko ndani, na nikimaliza sura unanipitishia kipande cha muhogo wa kuchoma. Mwalimu aliniazima kitabu kimoja kimoja, nami nikajiona mtu mkubwa kwa sababu yako.

Sasa nimevisoma kwa macho ya utu uzima, na nimecheka hadi mbavu zikaniuma. Yule punda anayeruka ni dume katika kitabu cha kwanza, na katika cha nne anazaa. Watu wa bara wote wamefanywa wajinga, eti wanamwuliza Hamadi maji ni kitu gani. Mwandishi huyo hakuwahi kutoka kwao, au alitoka amefumba macho. Hata hivyo nilipofika pale Hamadi anapokunywa uji pamoja na mwezi, niliurudia ukurasa mara tatu. Bado navipenda, dada. Nifanyeje?

Ila moja silisamehe. Yule Zuhura, msichana aliyefungiwa na zimwi katika nyumba ya mawingu isiyo na mlango. Katika kitabu cha tatu Hamadi anamwahidi kwamba atarudi kumtoa. Katika cha tano anarudi kwao, anapewa ufalme, anakula pilau, hadithi inakwisha. Zuhura hatajwi tena. Mwandishi amemsahau.

Siku ile nilipofunga kitabu uliniuliza kupitia tundu lile, "Na Zuhura je?"

"Basi, imekwisha."

"Mtoe wewe. Ongeza maneno mawili tu, nani atajua?"

"Siongezi. Hayakuandikwa."

Chuoni tulichapwa kwa kuruka herufi moja ya msahafu, nami nikadhani kila kilichopigwa chapa kina heshima ileile. Hadithi ya punda! Nilikusikia ukilia, nikajiona mcha Mungu. Siku hiyo hukunipa muhogo.

Baadaye ulitolewa, ukachezewa ngoma, ukaolewa Mlandizi. Ukafariki ukimzaa Tatu. Sikuwahi kukuomba radhi, na jambo hilo linanila mpaka leo.

Tatu sasa ni mwali. Yumo katika chumba kilekile, huu mwezi wa saba tangu awekwe ndani. Mama ananiambia, "Wewe ndiye mjomba. Ukisema atolewe, atatolewa." Mimi nimekuwa nikisitasita kwa kuogopa maneno ya ukoo, kwamba mwalimu huyu analeta mambo ya shule. Nikaona nimsomee kwanza, angalau asichoke. Tundu lako lilikuwa limezibwa. Amelizibua.

Leo alasiri tumemaliza kitabu cha tano. Akauliza kwa sauti yako kabisa, "Na Zuhura je, mjomba?"

Nikautazama ukurasa wa mwisho. Chini ya pilau la Hamadi hapakuwa na kitu. Nikasoma: "Zuhura akachoka kumngoja Hamadi. Akautoboa ukuta wa mawingu kwa mpini wa mwiko, akatoka."

"Mjomba, imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa."

Alicheka, dada. Nikaingia kwa mama, nikamwambia atafute watu wa ngoma, Tatu atolewe.

Niliporudi nyuma kuchukua vitabu nilikuta kipande cha muhogo wa kuchoma tunduni. Nimekula nusu. Nusu yako iko hapa mezani ninapoandika, na imekwisha poa.

Nisamehe.

Mdogo wako,
mjomba wa Tatu