Jicho la Kushoto la Farasi wa Mjomba Mahrous

Ibra, Machi 2003

Dada yangu mpenzi Fawziya,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una japo afya ya mwili, maana ya moyo najua bado. Mama kanambia kwamba homa imekutoka na unakula kidogo, nimeshukuru sana. Mimi mzima, alhamdulillah, na kazi zipo. Nakuandikia kwa kuwa simu zangu huzipokei, wala sikulaumu. Mke aliye kwenye eda ana haki ya kuchagua sauti anayotaka kuisikia.

Dada, umeambiwa kwamba kabla ya Iddi nilimpima farasi wa Mjomba Mahrous nikasema mzima. Maneno hayo yamefika mpaka sokoni hapa. Mfugaji mmoja kanambia usoni kwamba daktari wa macho ya wanyama ambaye mwenyewe haoni, bora akae kwao. Nikanyamaza, kwa kuwa Mama aliniomba ninyamaze. Mjomba ndiye ndugu yake pekee aliyebaki, na Mama aliogopa ukweli utamuua.

Nilimpima kweli, shambani kwake Al Qabil. Jicho la kushoto lilikuwa nusu limefumba, linatoka machozi. Mjomba alisema ni vumbi. Nilipomulika tochi niliona ndani kumeganda weupe, na mboni haisogei. Nikamziba la kulia kwa kitambaa, nikamwongoza taratibu. Akaikanyaga ndoo ya maji kama haipo. Ni maradhi yanayounguza jicho kwa ndani, yakapoa, yakarudi, na kila yakirudi huondoka na kipande cha nuru. Nilimwambia Mjomba kwamba upande ule haoni kabisa, asipandwe kwenye ardha ya Iddi, maana pale farasi hukimbizwa wawili wawili, ubavu kwa ubavu. Mwenziwe akimjia upande asioona, atagutuka. Mjomba akacheka. Akasema wazee wetu walikuwa wakipanda farasi kabla hajazaliwa daktari wa macho ya wanyama.

Sikuishia hapo. Nilimwendea mumeo, nikamweleza vilevile. Laith alinisikiliza vizuri, akaahidi kwamba atapanda farasi wa rafiki yake Hashil. Akaniomba nisikutie wasiwasi. Nilimwamini, nikarudi Ibra.

Unajua yule farasi alivyoruka alipoguswa ubavu wa kushoto, na Laith alivyoangukia chini ya kwato. Hayo sitayarudia. Lakini kuna ambalo hulijui, na hata mimi sikulijua mpaka Jumatatu hii.

Siku hiyo Mjomba alimleta farasi kliniki mwenyewe, kwa gari la kukodi. Maumivu yalikuwa yamemzidi mnyama, hata majani hataki. Nilimwambia hakuna la kufanya ila kuling'oa jicho. Alimshika hatamu mpaka dawa ya usingizi ikamlaza, na muda wote wa kazi akakaa pale chini sakafuni, kanzu yake imeingia damu. Nilipomaliza kushona akasema, bila ya kunitazama, "Laith alinambia."

Nikamuuliza alimwambia nini. Akasema asubuhi ya Iddi Laith alimvuta pembeni, akamnong'oneza kila neno nililomwambia, akaomba apande farasi mwengine. Wageni walikuwa wanatazama. Mjomba akamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Kama unaogopa, kamwite mkeo apande yeye." Watu wakacheka. Laith akapanda.

Kisha mazikoni, watu walipomuuliza, likamtoka lile neno kwamba daktari alisema mzima. Anasema hakulipanga, na lilipokwisha kutoka hakujua namna ya kulirudisha. Nilimsikiliza nikiwa bado na glavu mikononi, na wallahi sikuona huruma. Mpaka leo naitafuta.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Mjomba anajua, naye ndiye aliyeniomba. Anataka kuja Nizwa akwambie kwa kinywa chake. Nimemwambia angoje barua imtangulie. Barua nampa Badriya, jirani yangu, anayekuja huko kesho.

Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu, na wote nyumbani wape salamu. Mwenyezi Mungu amrehemu Laith, akupe subira. Mjomba haendeshi gari tena tangu msiba, kwa hiyo Ijumaa nitamleta mimi. Yeye, ukitaka, usimfungulie mlango. Ni haki yako. Mimi nifungulie.

Mdogo wako,
Rahila