ZIMEKAUKA, HAZIJAIVA

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: karani wa usafirishaji (jina liko kwenye jalada)
Umri: miaka 24
Kazi: kuandaa vyeti na nyaraka za mbao zinazouzwa nje, kiwanda cha mbao za misonobari
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya maegesho ya malori

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimefanya kazi kiwandani mwaka mmoja na miezi miwili. Fundi wa tanuri la kukaushia mbao, ambaye yuko mahabusu katika kituo hiki, ni kaka wa mama yangu. Ndiye aliyeniombea kazi. Tunaitana mjomba.

Mnamo tarehe 3 Machi, saa 3:10 asubuhi, ilifika barua pepe ya mnunuzi wa ng'ambo. Alikuwa akijaribu mbao zetu pamoja na za nchi nyingine mbili, na atakayemridhisha angepewa oda ya mwaka mzima. Alitaka kontena mbili, unyevu usizidi asilimia 18, meli ya tarehe 9. Aliandika kwamba bei yetu haina tatizo, lakini wenzetu hukausha kwa siku tatu.

Tanuri letu hukausha kwa siku saba. Ni la zamani na mlango wake umefungwa kwa waya.

Meneja alimwita fundi ofisini. Nilikuwepo. Meneja alisema, "Mzee, nipe siku nne." Fundi akajibu, "Nipe tanuri la hao wenzetu, nitakupa tatu." Meneja alicheka kidogo. Kisha akasema, "Nne. Tukikosa oda hii, hilo tanuri lako tutafugia kuku."

Tarehe 7 Machi, saa 8:40 mchana, tanuri lilifunguliwa. Nilikwenda na daftari langu kuchukua vipimo. Fundi alichomeka kipimo cha unyevu juu ya ubao, kikasoma 17. Akaukata ubao huo katikati, akachomeka tena penye mkato, kikasoma 26. Aliuegemeza mkato shavuni, kama anavyofanya siku zote, akasema, "Bado baridi. Andika, mjomba: zimekauka, hazijaiva. Nipe siku tatu nyingine."

Naomba nieleze maneno hayo. Kiwandani kwetu, "kukauka" ni ngozi ya mbao tu, hata jua linaweza kuikausha. "Kuiva" ni mpaka moyoni. Mbao zilizokauka bila kuiva hazisafirishwi, kwa sababu maji ya ndani yatatoka ndani ya kontena na kuleta ukungu. Kila mtu pale anajua, hata mfagiaji. Nje ya geti hakuna anayejua.

Niliandika yote kwenye daftari, nikampelekea meneja saa 9:15. Alisoma, akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya neno "zimekauka" na chini ya 17. Akasema, "Weka haya kwenye cheti." Nikamwambia kwamba fundi alisema pia hazijaiva. Akajibu, "Cheti hakina nafasi ya kuiva. Mnunuzi anauliza kama zimekauka. Zimekauka au hazikukauka?" Nikasema zimekauka. Akasema, "Neno lake mwenyewe hilo. Hujamsingizia mtu. Mkataba wako unaisha lini vile?" Nikamwambia mwisho wa mwezi.

Niliandika cheti. Hali ya mbao: zimekauka. Unyevu: 17.

Cheti lazima kitiwe sahihi na fundi. Saa 9:50 nilimkuta tanurini akikoleza moto, akiamini mbao zinarudi ndani. Nilimwambia ni karatasi ya vipimo vya leo. Hakuwa na miwani. Aliuliza, "Umeandika nilivyosema, mjomba?" Nikasema ndiyo. Alifuta mkono kwenye suruali ili asichafue karatasi, akatia sahihi.

Niliandika nikijua. Sikukosea na sikuelewa vibaya.

Saa 11:00 jioni foklifti ilianza kupakia. Fundi alikuja mbio, akaambiwa ni amri ya meneja. Alisimama pale mpaka kontena la pili likafungwa. Mimi nilijifanya ninahesabu.

Mnamo tarehe 2 Mei mnunuzi alituma picha. Mbao zilikuwa na madoa ya bluu na ukungu mweupe kama pamba. Alikataa mzigo wote na kuchukua mbao za wengine. Tarehe 5 watu thelathini na wanane wa zamu ya mchana waliachishwa kazi. Mimi nilibaki. Tarehe 6 kampuni ilimshtaki fundi kwa kutoa cheti cha uongo.

Jana saa 10:00 jioni meneja alinipa karatasi iliyopigwa chapa, yenye maneno ya kusema leo: kwamba fundi alinitajia 17 peke yake. Nimeikabidhi, pamoja na daftari langu.

Leo nilipoingia kituoni, mjomba alikuwa kwenye benchi la ukumbini na pingu. Aliniuliza, "Wamekuita na wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Afadhali. Mimi nawaambia zimekauka hazijaiva, wanaona nawazungusha. Wewe umesoma, mjomba. Waeleze."

Nikaingia humu.

Niliyonayo ni hayo. Nimesomewa, na hakuna neno ninaloomba liondolewe.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, mpelelezi wa jalada hili, tarehe 9 Mei, kuanzia saa 4:20 hadi saa 5:55 asubuhi. Shahidi aliposema kwamba aliandika akijua, nilimsimamisha na kumweleza kuwa anaweza kushtakiwa, na kwamba halazimiki kuendelea. Aliuliza kama akiendelea mjomba wake atatoka leo. Nilimjibu kuwa siwezi kumwahidi hilo. Aliomba maji, akanywa, akaendelea.